Jemadari na Viatu vya Watu

Jumatatu, tarehe 4

Naandika ili wajukuu wajue. Mimi ni fundi viatu, hodari kuliko wote mtaa huu, na mtaa wa pili pia ukinibana niseme. Juzi nimejipatia mtoto wa mbwa. Mwekundu, masikio yamelala, tumbo kama kibuyu. Nimemwita Jemadari. Akikaa mlangoni pa karakana, mtu haibi hata kisigino. Ndivyo nilivyopanga.

Leo asubuhi Jemadari katafuna kiatu cha mteja. Tena cha Mwalimu Mkuu, yule mama ambaye akipita hata watu wazima wanachomekea shati. Kala ulimi wote wa kiatu na kamba juu. Mke wangu kasema kikiliwa kingine kabla ya Jumamosi, mbwa anahamia kwa Fundi Saa, ng'ambo ya barabara. Eti Fundi Saa keshamwomba. Mtu huyo ananionea wivu tangu ujana. Jemadari wangu kwake? Labda nitangulie kaburini.

Jioni nimemchapa kwa gazeti. Alikuwa amelala. Kaniangalia kama mimi ndiye niliyekula kiatu. Mke wangu kaniuliza, nikiamshwa usingizini nichapwe kwa kosa la asubuhi, nitajua nimekosa nini? Nikamwambia mimi huwa sikosi.

Jumanne, tarehe 5

Akili imenijia wakati wa chai. Mtoto akiwa na chake hagusi cha mwenzake. Basi nimetafuta kiatu kikuukuu kisicho na mwenyewe, ngozi laini, nikampa kiwe chake. Nikamwonyesha kwa kidole: tafuna hiki, vile acha. Kaelewa upesi. Kichwa kachukua kwangu.

Mke wangu kapita na beseni la nguo. Kasema baba watoto, kwa pua ya mbwa kiatu ni kiatu, atajuaje hiki ni kizee na kile kina mwenyewe? Nikamjibu nimelelewa na ngozi, asinifundishe ngozi.

Mchana Jemadari kaacha chake, kachukua cha mteja. Nimemwahi. Kilishapata meno mawili tu kwa nyuma. Nimeziba kwa gundi na rangi, hakuna aliyeona. Na hakikuliwa, kimeonjwa. Mke wangu alisema kuliwa.

Jumatano, tarehe 6

Mke wangu kaniweka kitako kama mkwe aliyekosa adabu. Kasema kuanzia leo nyumba nzima ina neno moja, Acha. Ukimkuta na kiatu unasema hilo papo hapo, unampa kipande cha mpira wa gurudumu, akitafuna hicho unamsifu. Hakuna gazeti. Kosa la leo ni kosa la kesho, si leo unacheka, kesho unapiga. Nimekubali. Kukubali hakuniumi, nina mazoezi ya ndoa ndefu.

Neno moja halitoshi lakini. Asubuhi nimesema Acha, mchana nimesema Wee, baadaye nikasema Mwizi mkubwa. Ajue lugha.

Alasiri kaja Fundi Saa kunichungulia, kavua ndala mlangoni. Jemadari kaondoka na moja mpaka uvunguni. Nimempa mnofu wa nyama. Kosa ni kosa, ila ndala ya Fundi Saa ni jambo lingine. Fundi Saa karuka kwa mguu mmoja, anacheka. Kasema mzee mwenzangu, mwanajeshi wako anapenda vitu vyangu, basi ahamie tu, nimeshamwekea boksi na blanketi. Maneno hayo yameniingia vibaya.

Alhamisi, tarehe 7

Nimeacha mambo ya maneno. Nimepaka unga wa pilipili viatu vyote, ndani na nje. Jemadari kanusa, kapiga chafya, kaondoka zake. Nikasema kimya kimya, mzee, wewe ni kiboko.

Ndipo Mwalimu Mkuu akaja kuchukua viatu vyake, nimeshavitia ulimi na kamba mpya. Kavaa, kafunga kamba vizuri, kajifuta jasho usoni. Nikataka kumzuia, nikajikuta na mimi nafikicha jicho. Tukalia wote wawili tukitazamana. Fundi Saa alikuwa anapita. Kavua kofia, katupa pole ya msiba, kauliza marehemu ni nani.

Mke wangu kaleta maji. Mwalimu Mkuu kauliza dawa gani napaka viatu. Nikasema ya kung'arisha. Kasema basi imemng'arisha.

Ijumaa, tarehe 8

Nimefukuzwa karakanani. Nashonea nje kama mwanagenzi. Mke wangu kafuta viatu vyote kwa kitambaa kibichi, kakaa ndani na Jemadari. Nimechungulia dirishani. Mbwa akisogelea kiatu, Acha. Sauti ile ile, hapandishi wala hashushi. Mpira. Kichwa kinapapaswa. Anarudia tena, na mama huyu hachoki. Kumbe ndivyo alivyonilea mimi.

Sikupenda kuandika hili. Karakana bila yule mdudu ni viatu tu. Na akihamia ng'ambo nitakuwa nauona mkia wake kutwa, unamtikisikia mtu mwingine.

Jumamosi, tarehe 9

Fundi Saa kaja na kamba. Mke wangu kaweka kiatu katikati ya sakafu, kipya, kinanukia ngozi. Kakaa kimya. Jemadari kaenda. Kanusa. Nimeshika sindano mpaka imenichoma. Kamtazama mke wangu, kakipita kiatu, kauchukua mpira wake, kalala nao.

Fundi Saa kazungusha kamba mkononi. Kasema haya, mkeo kafundisha. Nikamwambia saa ndogo ndogo zimemharibu macho, kazi yote ni ya pilipili yangu. Mke wangu kanitazama, kaenda kupakua.

Jemadari anabaki. Nimemwambia mimi mwenyewe, sikioni.

Mezani mke wangu kasema neno ni lile lile kwenye chakula, asipewe kitu na mtu yeyote. Nimekubali. Ila mimi nimeona mbali: mbwa huomba kwa sababu hajapewa. Basi nimempa mnofu chini ya meza kabla hajaomba. Hakuomba hata kidogo. Nikampa wa pili, kwa kuwa hakuomba.

Sasa hivi miguu yake iko mezani na pua iko kwenye sahani ya mke wangu. Tabia hii sijui kaitoa wapi. Nahisi ni kwa Fundi Saa.