Jedwali Lililokataa Kuonyesha Wateja Walioridhika

Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Maji.

YAH: OMBI LA KUMFUKUZA KAZI SHEMEJI YANGU

Natumaini u mzima na bomba la kwako linatoa maji. Kwa masikitiko makubwa, na bila chuki yoyote ya kifamilia, naomba umfukuze fundi wetu wa tovuti, ambaye ni mume wa dada yangu. Hoja zangu ni hizi:

1. Uliagiza skrini ya mapokezi ionyeshe jedwali la wateja walioridhika, ili wageni watakaotutembelea Jumatatu walione. Siku ya kwanza yalitokea maandishi mekundu. Shemeji akasema ukurasa unaita jedwali ambalo halijaundwa kwenye kanzidata, ghala la taarifa zetu. Nikamwambia aliunde, si ndiyo kazi yake? Akaliunda. Vichwa vikatokea vizuri, jina, mtaa, tarehe, maoni, na chini yake weupe mtupu.

2. Mimi si mtu wa kukaa bure. Nilifuta kioo, nikaongeza mwangaza, kisha nikaagiza skrini kubwa zaidi. Utupu nao ukakua.

3. Shemeji alikagua kazi yake, akaniambia mbele ya wahudumu: "Bosi, jedwali halina kosa. Linachuja ili wabaki walioridhika tu, na aliyeridhika hayupo." Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

4. Eti kuthibitisha, akaondoa kichujio bila kibali. Jedwali likafurika kuliko bomba lolote la idara hii. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakaanza kusomeana malalamiko yao kwa sauti na kupiga makofi. Mlinzi wetu naye akapiga!

Kwa hiyo napendekeza aondoke kabla ya Jumatatu, na kanzidata ipewe barua ya onyo. Dada yangu amekwisha kunikataza kukanyaga kwake. Nimeumia sana, lakini kazi ni kazi.

Nisalimie wote nyumbani, pamoja na katibu muhtasi na dereva wako.

Wako mtiifu, tena mwenye uchungu na idara,

Mkuu wa Huduma kwa Wateja

Tanbihi: Ili kumuumbua shemeji, nilijisajili kwenye mfumo kama mteja, nikiwa nyumbani kwangu. Mfumo ukaniuliza kama nimeridhika na huduma. Ningebonyeza "Ndiyo" tu, jedwali lingepata mstari wake wa kwanza. Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo tupu. Nikabonyeza "Hapana". Jedwali ni zima, Mheshimiwa. Shemeji asiguswe, na hao wageni waje na maji yao.