Mafuta ya Roketi ya Sheha Kificho

Msellem alishuka melini Wete, Pemba, akiwa na suti moja na njaa. Shamba hana, duka hana. Shamba lake lilikuwa mdomo, nao ukivunwa misimu yote.

Hakufika mbali. Kwenye baraza la kahawa alimkuta Sheha Kificho, mkubwa wa mtaa, amejaa katika kiti cha pekee chenye mgongo, watu wengine wako chini majamvini, redio inasema Mrusi kazungushwa angani dunia nzima na karudi hai.

"Sasa chombo kinapandaje juu hivyo?" mmoja akauliza.

"Kinapanda kwa amri," akajibu sheha. Yeye aliamini kila kitu duniani kinakwenda kwa amri, na yeye ndiye aliyezaliwa kuitoa.

Msellem akasimama. Paka akinusa samaki wa ng'onda haulizwi anakwenda wapi.

"Asalaam alaykum. Niwie radhi, Sheha. Kinapanda kwa mafuta. Mie nilikuwa Unguja, kwenye mitambo ya Wamarekani ya kufuatilia vyombo vya angani."

Hapo hakusema uongo. Aliwahi kufagia pale, mpaka ufagio ulipopotea.

"Mafuta kiasi gani?" sheha akauliza.

"Chukua mnazi mzima, Sheha. Mtu anakaa kwenye kidaka kimoja, nazi changa, kule kileleni. Shina lote lililobaki ni mafuta."

"Lote!"

"Lote. Mafuta yenyewe mazito, yataka mafuta mengine ya kuyanyanyua, na hayo nayo yataka yao. Yanayompandisha mtu ni kijiko tu. Mengine yanajipandisha yenyewe."

Watu wakacheka, wakajua ni uongo. Masikini, lile ndilo neno la kweli kuliko yote aliyosema siku ile. Nao walikuwa wakiishi chini ya chombo cha namna hiyo hiyo: kodi inakusanywa ili walishwe wakusanya kodi, na mwananchi aliyeahidiwa kupandishwa yuko chini vile vile, anakula moshi.

"Na ni mafuta gani hayo?" sheha akauliza.

Msellem akatupa jicho nje. Njia nzima watu walikuwa wameanika makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, ambavyo mnyonge huviuza kwa bei ya kumtia machozi.

"Ya makonyo," akasema polepole, kama mtu anayetoa siri ya nyumba. "Mrusi kamtangulia Mmarekani, na Mmarekani hana usingizi. Gunia moja la makonyo kwake ni sawa na ng'ombe kumi. Anatafuta wakala mmoja, Pemba nzima. Mtu wa heshima."

Sheha akatazama kulia na kushoto. Mtu wa heshima hakumwona mwingine.

"Ila mkubwa wao ni kama wakubwa wote," Msellem akaongeza. "Sikio lake halifunguki mpaka mkono upate kitu. Ng'ombe mmoja atafaa."

Ng'ombe alikuwapo uani kwa sheha. Hakuwa wake. Alikuwa wa Bi Mwatum, mjane wa jirani, asiye na riziki nyingine tangu mumewe afe ila maziwa ya ng'ombe yule. Sheha alimkamata kwa madai kwamba kala muhogo wake, akataka faini. Kila Bi Mwatum akienda kuomba, faini imepanda. Ilikuwa ikinenepa kuliko ng'ombe mwenyewe.

Sheha akamtoa ng'ombe yule kwa moyo mkunjufu. Hakuna karimu kama mkubwa anayetoa cha mwenzake.

Kisha ikapita amri: makonyo yote yaletwe uwanjani kwa sheha, malipo Mmarekani akilipa. Watu wakayaleta wakinung'unika, mpaka pakasimama kilima.

Siku ya meli, sheha alivaa kanzu iliyopigwa pasi akamsindikiza mgeni wake hadi gatini. Waliotoa makonyo wakafuata nyuma, wengine na mapanga yao ya kufyekea. Msellem ameshika kamba ya ng'ombe, anatabasamu. Ndipo akaja Bi Mwatum, kichwani kajitwika gunia alilolificha amri ilipopita.

"Mwanangu," akasema, "ati gunia la makonyo ni ng'ombe kumi?"

"Kumi, bibi yangu."

"Basi mie si mroho. Chukua gunia, nipe huyo mmoja. Tisa nakusamehe."

Gati nzima ikacheka. Msellem akakohoa. "Bi, huyu ni zawadi ya mkubwa."

"Mkubwa wako anataka kula nyama au anataka kupanda mbinguni?"

"Bi Mwatum, kaa kando!" sheha akafoka. Lakini papo hapo hesabu ikamwingia kichwani, na ilikuwa nadra kuingia. Akamgeukia Msellem. "Mbona wasita, yakhe? Faida hiyo. Au makonyo hayana thamani uliyotwambia?"

Kicheko kikakatika. Waliotoa makonyo wakasogea, na mapanga yakasogea nao.

Msellem akacheka peke yake. "Nasita kwa huruma, Sheha. Naogopa kumdhulumu bibi wa watu."

"Nidhulumu, mwanangu," akasema Bi Mwatum. "Nimezoea."

Kamba ikahama mkono. Msellem akapanda meli na gunia lake kichwani, na sheha akampungia kwa furaha, kama anayemuaga mtu aendaye mwezini.

Mvua zikaja, kilima kikaoza, Mmarekani hakutokea. Wenye makonyo wakawa wanashinda mlangoni kwa sheha. Naye, kama ilivyo desturi ya wakubwa wakibanwa, akamtafuta mnyonge wa kumtolea hasira. Akamtuma mjumbe wake, Duni.

"Bi Mwatum, sheha asema faini ya muhogo iko pale pale. Ng'ombe arudi uani."

Bi Mwatum hakuacha kukama. "Mwambie ng'ombe aliyekula muhogo wake alimtoa mwenyewe aende Marekani, na kanzu ya kumsindikizia kaivaa. Huyu nimemnunua kwa mafuta ya roketi. Shahidi wangu ni sheha mwenyewe."

"Na faini?"

"Amdai Mmarekani."

Duni akatazama njia aliyotoka, akatazama kata ya maziwa. Akavua viatu, akakaa.

"Nitilie kidogo, Bi," akasema. "Jibu hilo si la kupeleka na njaa."