Wino Apandisha Bei

Gazeti la kijiwe chetu hununuliwa moja tu, kwa zamu, na Jumatatu ya wiki iliyopita zamu ilikuwa ya Soli, fundi viatu. Ndiyo maana lilikuja na alama ya gundi ukurasa wa mbele. Kijiwe chenyewe ni benchi mbili mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu, na meza ya Shangazi anayetuuzia kahawa. Mimi niko pale kikazi. Hawa wengine huwa sijui wanafanya kazi saa ngapi.

"Sikilizeni hii," Soli akapaza sauti. "Mchezaji mpira agoma kuvaa viatu mpaka aongezwe mshahara. Na wamemuongeza! Mara mbili!"

"Agome kuvaa viatu?" Kipara akacheka. Huyu ni kinyozi, na kichwani kwake hakuna unywele hata wa dawa. "Wakigoma wote hivyo, Soli, wewe si utakufa njaa?"

"Usinipotezee mada. Nazungumzia ujasiri mimi!"

Karani akashusha miwani. Alistaafu zamani kwenye ofisi ya mafaili, lakini koti hajalivua mpaka leo. "Utaratibu ulifuatwa? Aliandika barua?"

"Alikaa pekupeku uwanjani, Karani. Barua gani tena?"

Tukacheka wote isipokuwa Wino. Wino kazi yake ni kuwaandikia watu kwa malipo: matangazo, wasifu, hotuba za harusi, chochote. Hana mwajiri, anayemhitaji anampigia. Mteja wake mkubwa ni bosi mmoja mwenye kampuni ya kusambaza maji, na Wino humwandikia kila wiki makala moja ya faida za kunywa maji. Kila wiki, miaka sita. Sijui faida za maji ziko ngapi, ila Wino hajawahi kurudia.

"Mbona umenuna?" Soli akamuuliza. "Kwani wewe bei yako ilipanda lini?"

"Haijapanda."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza. Makala elfu kumi."

Kipara akaweka kikombe chini. "Miaka sita elfu kumi? We Wino! Hata wembe wangu umepanda mara nne, na wembe haujasoma!"

Hapo Wino akatoa la moyoni. Mwenye nyumba amempandishia kodi. Alimtumia ujumbe wa maneno matatu tu, "Kuanzia mwezi ujao," na tarakimu. Hakuna salamu, hakuna pole. Na mama watoto, asubuhi hiyo hiyo, amemkabidhi kikombe cha chai akamwambia: leo unamwandikia bosi wako unapandisha bei, na usirudi hapa kabla hujatuma. Ada ya binti inasubiri.

"Basi si umtumie?" nikasema.

"Akikataa je? Akisema basi, asante, ametafuta mwingine? Huyu ndiye nusu ya chakula changu, kaka. Nusu!"

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Mtu anayeweza kumwandikia bwana harusi maneno mpaka ukumbi mzima ukalia, lakini la kwake mwenyewe limemkaa kooni.

"Kupandisha bei ni ufundi," Soli akasema huku akijisogeza katikati ya benchi. "Mimi huwa sipandishi mteja akiwa na viatu vyote viwili. Hapo atakimbia. Nasubiri kimoja kiwe mkononi kwangu, soli nimeshaibandua. Ndiyo namwambia, ndugu yangu, gundi imepanda. Aende wapi na mguu mmoja?"

"Mimi nusu ya kichwa," Kipara akadakia. "Nikishafika hapa katikati ya utosi, nazima mashine. Namwambia, mjomba, umeme umepanda. Yupo aliyewahi kuondoka? Hayupo!"

"Kumbe ile siku umeme haukuwa umepanda?" Soli akashika kichwa chake.

"Tuzungumzie ya Wino."

"Mimi siwezi hivyo," Wino akalalamika. "Nikimpelekea nusu ya makala, ataiweka hivyo hivyo. Yule hasomi!"

"Hasomi?"

"Anaangalia urefu tu."

Ikaamuliwa wafanye mazoezi. Soli akajifanya bosi, akatunisha tumbo mbele, akakunja miguu. "Haya, ingia ofisini kwangu. Unasemaje kijana?"

Wino akasimama, akafunga kifungo cha shati. "Shikamoo bosi."

"Marahaba. Sema haraka, nina kikao."

"Bosi, nilikuwa nafikiria, kuanzia mwezi ujao makala iwe elfu kumi na tano..."

Soli akamwangalia tu.

"... au kumi na mbili..."

Soli bado kimya.

"... au kumi na moja, si mbaya. Au tuache tu, bosi. Nyumbani hawajambo?"

"Mimi sijafungua hata mdomo!" Soli akaruka kutoka kwenye benchi. "Huyu anajishusha mwenyewe! Jamani, huyu asionane naye uso kwa uso. Aandike!"

Karani alikuwa anaisubiri kauli hiyo miaka yote. Akatoa kalamu kwenye koti. "Andika. Yahusu: maombi ya kufikiriwa kupandishiwa bei. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mwandishi wako mtiifu, ninayo heshima kubwa kuleta kwako maombi yangu, nikitumaini kwamba yatapokelewa, yatasomwa, yatajadiliwa..."

"Yatazikwa," Soli akamalizia. "Karani, anaomba bei au anaomba msamaha? Andika hivi: Bosi, ukikataa tutaonana wabaya."

"Usimtishe mteja!" Kipara akapinga. "Mteja anabembelezwa. Weka mwishoni, maelewano yapo. Hata kwenye kibao changu nimeandika."

"Ndiyo maana watu wananyoa kwako nusu bei," Soli akamjibu. "Ukishaandika maelewano yapo, umeshuka kabla hujapanda."

"Kwani nani aliniandikia kibao? Si Wino huyu huyu?"

Shangazi, ambaye alikuwa anapangusa vikombe muda wote bila neno, akauliza taratibu: "Alikuandikia kwa shilingi ngapi?"

Kipara akaanza kuangalia barabarani. Kibao kilikuwa cha bure. Barua ya Soli kwa mwenye fremu ya duka analopanga ilikuwa ya bure. Hotuba ya Karani ya kustaafu, kurasa saba, ya bure, na Karani aliisoma yote. Hata mimi, maneno "Simu Yako Ikifa, Mlete Kwetu Marehemu" yaliyoandikwa mlangoni kwangu sikuyalipia.

"Sisi ni ndugu," Kipara akasema.

"Tena wa damu," Soli akaongeza.

Wino akajikohoza. "Sasa hilo nalo... Mama watoto amesema bei mpya ni ya kila mtu. Na kijiweni pia."

Kelele zilizotokea hapo zilinifanya nidondoshe skrubu ya simu ya watu, na mpaka leo sijaiona.

"Kijiweni pia?" Kipara akajipiga gotini. "Yaani sisi tunaokufundisha ujasiri, uuanzie kwetu?"

"Ujasiri tunaoutaka ni wa kule kwa bosi!" Soli akawaka. "Haukukusudiwa kurudi huku!"

"Ndugu wajumbe, hili halikuwa kwenye ajenda," Karani akasema na kufunga kalamu.

Nadhani ni ile hasira ndiyo iliyomsaidia. Wino akawageuzia mgongo, akashika simu, akaandika peke yake, dakika kama kumi. Alipomaliza akatusomea.

"Bosi, miaka sita nimekuandikia kwa bei ile ile. Hujawahi kunirudishia kazi hata moja, wala sijawahi kuichelewesha. Nyumba ninayokaa imepanda, mkate ninaokula umepanda, na binti yangu aliyekuwa mgongoni tulipoanza sasa anavaa sare za shule. Kuanzia mwezi ujao makala itakuwa elfu kumi na tano. Kazi itabaki ile unayoijua. Asante kwa kuniamini."

Kipara akapangusa jicho, akasema ni moshi wa jiko. Jiko la Shangazi ni la gesi.

"Tuma," Soli akasema kwa sauti ndogo. Wino akatuma, kisha akaiweka simu kwenye benchi, katikati yetu, akakaa mbali nayo.

"Imefika."

"Amesoma!"

"Anaandika."

"Ameacha."

"Mbona ameacha? Wino, mbona ameacha?"

"Mimi nitajuaje?" Wino alikuwa amelowa jasho mgongo mzima.

"Anaandika tena. Ameacha tena. Huyu mtu anatafuta matusi," Kipara akasema. "Bora ungeweka maelewano yapo."

Simu ikalia. Wino hakuthubutu kuishika, ikabidi mimi niisome. "Ndugu mwandishi. Nimeisoma barua yako mara tatu, nimekosa pa kukataa. Bei mpya nimeikubali, na ianze leo."

Mlipuko! Soli akambeba Wino juu juu. Karani akavua koti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Kipara akaagiza kahawa ya watu wote, kisha akakumbuka hana hela, akaahirisha.

"Tulieni, haijaisha," nikasema. "Anaendelea. Kazi yako ya kwanza kwa bei mpya: niandikie barua kama hii hii niwatumie wateja wangu wote. Na mimi nataka kupandisha bei ya maji. Iwe hivi hivi. Wasipate pa kukataa."

Soli akamteremsha Wino polepole.

Sasa elewa, Kipara anaosha vichwa siku nzima kwa maji ya bosi yule. Shangazi anachemshia kahawa maji yale yale. Mtaa mzima tunaletewa na gari moja, na kampuni nyingine hakuna.

"Kataa," Kipara akasema.

"Nikatae? Kazi ya kwanza ya bei mpya, nikatae?"

"Wino, mimi natumia madumu kumi kwa siku!"

"Basi iandike vibaya," Soli akashauri. "Iharibu. Watu wakiisoma wakasirike, waandamane, bosi aogope."

"Mpe Karani aiandike!" Kipara akaruka. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu! Hakuna atakayefika mwisho, hakuna atakayejua bei imepanda!"

Karani akavaa koti lake. Aliumia, nilimwona.

Wino akasimama. "Kuandika vibaya siwezi. Nimejaribu. Mama watoto aliwahi kuniambia niwaandikie hovyo hovyo wanaolipa kidogo. Nilikaa saa tatu nikashindwa, nikaandika vizuri tu nikalala." Akaingiza simu mfukoni, akaaga, akaenda nyumbani. Siku hiyo, nasikia, chakula kilikuwa mezani mapema.

Juzi Alhamisi, tukiwa tumekaa pale pale, simu zikalia zote kwa pamoja. Kipara ndiye aliyesoma kwa sauti.

"Ndugu zetu wateja. Miaka yote hii mmetufungulia milango yenu, hata siku tulizobisha asubuhi mno. Watoto tuliowakuta wakitambaa leo wanakuja wenyewe kupokea dumu. Hatujawahi kukosa kuja..."

"Wiki iliyopita hawakuja siku tatu!" Soli akabisha.

"Nyamaza, imeandikwa vizuri!" Kipara akasema, akaendelea mpaka mwisho, bei na shukrani. Alipomaliza akavuta pumzi. "Jamani, hawa watu nao wana watoto."

"Kweli," Soli akakubali. "Tuwaelewe tu."

"Barua imefuata utaratibu," Karani akasema.

Wino alikuwa amekaa pembeni, amejikunyata, lakini kicheko kidogo cha fahari kimemponyoka mdomoni. Nami sikumlaumu. Miaka sita ya makala za maji, hajawahi kuona mtu akiisoma hata moja mpaka mwisho.

Wakati huo Shangazi akachukua kile kikadibodi kilichoandikwa "Kahawa 200", akakigeuza upande wa nyuma, akaandika kwa mkaa "300", akakisimamisha mezani. Akaendelea kupangusa vikombe.

Kipara akatoa mia tatu. Soli akatoa mia tatu. Karani akazihesabu mara mbili, akatoa.

Ni Wino peke yake aliyelalamika. "Shangazi! Mia nzima? Hivi hivi tu, bila hata kutuandikia neno moja la kutubembeleza?"

Shangazi akammiminia kahawa mpaka ukingoni, akamsogezea kikombe kwa mikono miwili, kwa upole wote.

"Nilitaka kuwaandikia, mwanangu," akasema. "Tena barua nzuri. Nikaulizia mwandishi, nikaambiwa amepanda bei."