Moyo wa Kimaiyo kwa Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeficha jambo, na kwa kuwa siku zangu si nyingi, niliandike. Kipimo cha moyo cha leo si changu.

Moyo wangu umechoka tangu mwaka juzi. Miguu inavimba, ngazi chache zinanimaliza pumzi. Daktari Wangare alionya: michoro ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikipanuka kuliko ya mwaka jana, pande mbili za moyo hazipigi tena pamoja, na hiyo si dalili njema. Binti yangu Nangila, anayefanya kazi Olkaria kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, akaapa: ikipanuka tu, ananihamishia kwake, nyumba yangu hapa Nakuru inafungwa. Mimi nataka kufia kitandani mwangu.

Basi leo hospitalini jina langu lilipoitwa, akainuka jirani yangu Kimaiyo. Mhudumu hatujui. Akambandika nyaya kifuani. Kimaiyo ni rika langu, hupanda mlima Menengai kwa miguu. Alikubali upesi. Anapenda kusifiwa mwili.

Jumanne, 4 Machi
Majibu mabaya mno. Michoro mipana, mapigo yanarukaruka. Daktari kampigia Nangila simu: mzee alazwe wiki hii, moyo huu unaweza kusimama ghafla. Nangila amekuja mbio, anakunja nguo zangu huku analia. Mgonjwa mwenyewe namwona dirishani. Anapasua kuni.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribu kumwokoa Kimaiyo bila kujifichua. Nilimwambia uso wake haunipendezi, akapimwe. Akacheka. “Mwalimu, moyo wangu ni wa Kuresoi. Wako umekula chaki.” Nikazua uongo: kuna upimaji wa bure, na chakula. Akauliza chakula gani. Chapati na maharagwe. Akasema labda wiki ijayo. Ijumaa anaenda shambani kwake Kuresoi kupanda viazi kabla ya mvua.

Nilifundisha baiolojia hadi nikastaafu. Najua jembe litaufanya nini moyo kama ule.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Nangila ukweli. Nilitarajia afoke. Aliuliza tu: “Baba, na yeye anajua?” Hajui. Akanishika mkono hadi mlangoni kwa Kimaiyo.

Kimaiyo alisikiliza amesimama. Akauliza kama nilimchagua kwa kuwa ni mzima. Nikasema ndiyo.

“Na ulikuwa unasahihisha mitihani ya watoto wa watu,” akasema. Akaketi. Akaomba koti lake. Nikamfunga vifungo.

Jumamosi, 8 Machi
Kimaiyo amelazwa. Daktari anasema amewahi. Kama angeshika jembe jana, tungekuwa tunachimba kaburi. Anawasumbua wauguzi kuhusu uji.

Nami nimepimwa, kifua changu mwenyewe safari hii. Michoro imepanuka. Daktari aliniambia polepole: huenda mwaka, huenda usifike. Nangila alikuwa ameenda kununua dawa za Kimaiyo.

Aliporudi nikamwambia sijabadilika sana, ila daktari amekataza Olkaria, ule mvuke unaotoka ardhini haufai kwa mapafu yangu. Ameamini. Ametoa nguo zangu kwenye begi, akanipikia chakula cha kesho, na jioni amerudi kazini.

Daktari hakutaja mvuke. Alisema nisilale tena peke yangu.