Koti la Farasi

Jumanne, 9 Januari 1996

Baridi ya kuua. Leah, binti yangu, kaniletea koti la nailoni lililojazwa manyoya ya bata. Nikajitazama kwenye kioo. Godoro lenye kichwa. Nikamwambia sikupanda ndege kutoka Kitale nije ng'ambo kuwa matandiko. Akasema basi Mama, bila koti hakuna kanisa. Na huyu nilimnyonyesha mimi.

Jumapili akina mama tunachagua kiongozi. Nisipofika, Keziah, yule anayekaa mtaa wa Crystal, atakinyakua kiti. Keziah! Analo godoro kama hilo, la zambarau, analivaa hata ndani ya ibada. Anaimba kama mlango mkavu. Nitakwenda, na nitakwenda na koti la heshima.

Jumatano, 10 Januari

Wanjala, mume wa Leah, kanipeleka duka la mitumba mjini Saint Paul. Marehemu mume wangu aliuza ngozi. Mimi ngozi hainidanganyi. Nikanusa, nikakunja, nikakwaruza kwa ukucha. Za kondoo, takataka. Za ng'ombe, laini kama shavu la mvivu. Kisha nikaona moja jeusi, zito, kifua mbele hata likiwa limetundikwa. Muuzaji akasema hilo ni la ngozi ya farasi, litadumu kuliko mimi. Mtu mkweli. Nikalichukua.

Shida moja. Kiwiko hakikunjiki. Nilikwama katikati ya kulivaa, na Wanjala akabaki kutazama viatu vya dukani. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata akikwama. Akaviuliza vile viatu kama koti linanibana. Nikajibu linanikumbatia.

Ijumaa, 12 Januari

Nimejaribu kusonga ugali nikiwa nalo. Mwiko umenishinda. Leah akacheka, akasema ngozi hiyo ili ilainike inataka kuvaliwa miaka. Miaka sina, nina Jumapili.

Kwetu ngozi ngumu hupakwa samli. Nimelipaka mkebe mzima, nikalikanyaga bafuni mpaka magoti yakalia. Limelegea vizuri sana. Leah aliuliza samli yake iko wapi. Nikamwambia mumewe anapenda chapati kupita kiasi.

Jumapili, 14 Januari

Nimechoka hata kuandika.

Leah alikuwa zamu, kule anakotunza wazee wa watu. Nikatoka kwenda garini. Samli ikaganda pale pale. Koti likawa ubao, na mimi nimo. Mlango wa gari wazi, siwezi kukunjika. Wanjala akazunguka gari akisema pole Mama, pole Mama, mikono nyuma. Ikabidi amwite jirani, mama wa Kizungu, aje anisukume. Nimekwenda kanisani nimelazwa kiti cha nyuma kama mbao za ujenzi.

Ukumbi ni wa kukodi, joto huwashwa tukishafika. Kwenye maombi nilijikaza, nikainua mikono juu, juu kumpita Keziah, wote waone. Ikagoma kushuka. Mke wa mchungaji hakungoja. Akasema wanaomtaka Keziah wainue mkono. Nikasema mimi simtaki, ni koti. Akawaambia watu unyenyekevu wangu umemgusa moyo.

Keziah alishinda kwa mkono mmoja. Wangu. Namshukuru Mungu hawakuhesabu wa pili.

Halafu joto likaingia, samli ikayeyuka, ukumbi mzima ukanuka mgahawa. Keziah ndiye aliyenivua. Akasema pole dada yangu, ungesema tu una baridi. Akanifunika godoro lake la zambarau mpaka nyumbani. Lina joto sana. Hilo simwambii mtu.

Jumanne, 16 Januari

Leah anataka koti litupwe. Nikamwambia atupe lake. Nimekaa nikafikiri, kosa nimeliona. Samli ni ya ng'ombe. Farasi ni mnyama mwingine, huyo anataka mafuta ya kondoo. Nimemwagiza Wanjala. Amekubali, akitazama viatu vyake.

Nimesikia Keziah anarudi kwetu moja kwa moja Pasaka. Kiti kitakuwa wazi.

Leo Leah kanikuta jikoni natetemeka, meno yanagongana. Akauliza kwa nini sivai lile la manyoya, nalo limo ndani ya nyumba. Haliwezekani, lina kazi. Nimelitandaza juu ya koti langu la farasi, hili lisije likapata baridi likakakamaa tena.