Jackline na Bega la Kulia la Baba Mkwe

Njoni, enyi mlioko sebuleni, izimeni hiyo televisheni. Nanyi mlioko jikoni, epueni sufuria kabisa, wali usije ukaungua lawama zikaletwa huku! Sikilizeni habari za vita visivyo na mkuki wala bunduki, vilivyopiganwa Iringa mjini mwezi wa sita, shule zilipofungwa, ndani ya Makumbusho ya Watoto. Na shujaa wake ni mwanamke wa Ilomba, Jackline binti Sifaeli, mama Lusia, mfunga kitenge, mshika adabu, ambaye kwa miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumtamkia baba mkwe wake hata neno moja.

Msidhani palikuwa na ugomvi. Hasha! Mzee Ezron ni Mnyakyusa wa Rungwe, mtu wa mila zilizonyooka, na kwa mila hizo mke wa mwana hamtazami mkwe usoni wala hamsemeshi. Mzee akitaka kukatiza uani hukohoa mara mbili, na Jackline huchepukia nyuma ya banda la kuku mpaka apite. Jackline, Mbena wa Njombe, aliyakuta hayo na akayashika bila kunung'unika, ila moyoni yalimuuma, maana alimpenda sana mzee yule. Lusia alipozaliwa kabla ya siku zake, ni mzee huyo aliyeleta uji hospitali wiki mbili mfululizo, akiiacha chupa mlangoni na kukohoa. Tangu hapo Jackline alitamani aseme naye walau mara moja, na hakuthubutu.

Basi ikawa, siku ile gari likatoka Ilomba kungali giza, Obeid mumewe akishika usukani, baba yake ubavuni pake, na Jackline kiti cha nyuma kabisa, kajifunika kitenge, hadi Makambako, hadi Mafinga, hadi Iringa.

Ndani ya makumbusho yale palisimama pango la simenti, mfano wa makao ya watu wa kale, lenye njia nyembamba ya kutambaa, na juu yake kibao kinachosema mwisho ni miaka kumi na miwili. Lusia, mwenye miaka saba, akalitazama pango, kisha akamtazama babu yake.

"Babu, wewe huwezi."

Lo! Huwezi, kuambiwa Ezron! Akasimama wima mzee, akanena kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watoto wote: "Mimi niliyekwea Mlima Rungwe mara tatu, tena mara moja nikiwa na malaria? Mimi niliyemfukuza nguruwe pori shambani kwa mwiko wa ugali? Tangulia, mjukuu wangu. Leo pango hili litanitambua!" Akavua kofia. Koti hakuvua, na hilo ndilo lililomponza.

Saa hiyo Obeid alikuwa ametoka kununua chipsi. Jackline alikuwa akingoja kwenye mlango wa kutokea, akamwona Lusia anachomoza, kapauka vumbi, anacheka. Kisha kutoka gizani kikaja kikohozi, mara mbili. Jackline akageuka aondoke kama ilivyo ada. Kikaja cha tatu. Kikaja cha nne.

"Lusia," ikasema sauti ya chini, "mwambie mama yako asiondoke. Nimekwama."

Jackline akainama, kitenge usoni, akachungulia kwa jicho moja. Naam, kile kichwa chenye mvi kilikuwa hatua moja tu kutoka kwake, na mfuko wa koti, upande wa kulia wa mzee, ulikuwa umenaswa na kipande cha waya kilichotokeza kwenye simenti. Kule nyuma akafika mlinda makumbusho, Mama Veneranda, Mhehe wa kimo na kifua, akaishika miguu ya mzee na kuanza kuisukuma.

"Kamwene!" akasalimu kwa Kihehe, akipaza sauti kutoka upande wa pili. "Wewe mama wa huko mbele, si umvute baba yako? Unamtazama tu?"

"Ni mkwe wangu!" akalia Jackline.

"Sasa mkwe havutwi?"

Ndipo Jackline akamwita mjumbe wake. "Lusia, mwambie babu ashushe bega la kulia."

Lusia akamtazama babu uso kwa uso, akanyoosha mkono wake mwenyewe wa kulia. "Babu, mama anasema ushushe bega la huku!" Na huku kwa Lusia kulikuwa kushoto kwa babu. Mzee akalishusha bega la kushoto kwa utiifu mkubwa, la kulia likapanda, waya ukazama kwenye koti, na Mama Veneranda akasukuma kwa nguvu zote za Uhehe.

"Kyala wangu!" akaguta mzee, akimwita Mungu kwa Kinyakyusa. "Mwambie mama yako babu siyo gunia la viazi!"

"Mwambie babu ni la kulia!"

"Mama anasema la huku!"

Wakarudia mara tatu, na kila mara mzee akazidi kukaza. Pumzi zikaanza kumpanda. Safari hii hakutuma salamu. Macho yake yakamtafuta Jackline, yana hofu. Jackline akaona hofu ile, na miaka tisa ikamtoka kinywani kwa mkupuo mmoja.

"Baba! Bega la kulia! La kwako wewe, siyo la kwetu! Vua mkono kwenye koti, baba, mimi nakushika!"

Mama Veneranda akaacha kusukuma. Mzee akautoa mkono kwenye koti, Jackline akaukamata kwa mikono yote miwili, akavuta. Na mzee akatoka pangoni kwa tumbo, bila koti, akakaa sakafuni miguu imenyooshwa. Kitenge kilikuwa kimeanguka, naye Jackline akainamisha uso, anangoja hukumu.

"Lusia," akaanza mzee, "mwambie mama yako..." Akakatisha. Akajifuta vumbi puani, kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

"Ndaga, mwanangu," akasema. "Asante."

Iandikwe basi, enyi waandishi wa Rungwe, Njombe na Iringa, vizazi visome: siku hiyo, saa saba na robo mchana, kwenye benchi nje ya makumbusho, mbele ya Obeid aliyeduwaa na chipsi zilizopoa, Mzee Ezron alitaka chumvi, hakumtuma mtoto, aliiomba mwenyewe kwa Jackline, akapewa mkononi.