Kitu Chenye Kung'aa

Mimi nauza magazeti, na wasomaji wangu wakubwa hawajawahi kununua hata moja. Wanakaa kwenye benchi la kahawa lililopakana na meza yangu, wanavuta gazeti kama mtu anayevuta shuka la mwenzake usingizini, wanasoma, wanabishana, kisha wananirudishia likiwa na doa la kahawa usoni mwa waziri. Nikilalamika wananiita mchoyo wa elimu.

Asubuhi hiyo aliyelivuta alikuwa Mheshimiwa. Huyu ni kinyozi. Amegombea uenyekiti wa mtaa mara tatu, na kura zake zote ukizikusanya hazijazi kofia, lakini kijiweni cheo hakihitaji kura. Alisimama, akakohoa, akasoma kichwa cha habari kwa sauti ya jukwaani.

"Jeshi la Polisi lasisitiza: marehemu alichomoa kitu chenye kung'aa!"

Marehemu huyo tulimjua. Alikuwa fundi redio, tukamwita Kimya kwa sababu katika mabishano yetu yote hakuwahi kuchangia zaidi ya "mh". Wiki tatu nyuma polisi walikuwa wakimsaka mwizi wa simu, wakampiga risasi Kimya mbele ya benchi hili hili, mchana kweupe, sisi wote tumekaa. Dada yake ndiye muuza kahawa wetu, tunamwita Shangazi. Alikuwa pale pale nyuma ya birika akisikiliza, maana hana mahali pengine pa kuuzia.

"Soma ndani, acha kuimba vichwa," alisema Wakili. Wakili ana mashine ya kutoa nakala mbele ya mahakama, na kwa jinsi kesi za watu zinavyopita kwenye kioo chake, amejitunuku shahada.

Mheshimiwa akasoma. "'Marehemu alikaidi amri halali ya askari, akachomoa kitu chenye kung'aa kinachodhaniwa kuwa silaha. Askari walifyatua risasi ya onyo hewani. Kwa bahati mbaya, marehemu alifariki akiwa njiani kupelekwa hospitali.'"

"Hewani?" aliuliza Tani Moja. Huyu ni mbeba mizigo sokoni. Akikaa upande mmoja wa benchi, wa upande wa pili miguu inaacha ardhi. "Risasi imepigwa hewani, imemkuta Kimya kifuani. Kwani Kimya alikuwa anaruka?"

"Labda alikuwa anatua," alisema Wakili.

"Msifanyie mzaha taarifa ya jeshi!" Sajini alinguruma. Sajini hajawahi kuwa sajini wa kitu chochote. Alilinda ghala la mbolea mpaka akastaafu, lakini buti zake bado anazipiga rangi kila siku na askari akipita anasimama wima. "Kazi ile ina utaratibu wake. Askari anaamua kwa kufumba na kufumbua. Nyie mnaamua kwa wiki tatu, tena na kahawa mkononi."

"Haya, aliamua nini? Kimya alikuwa anaogopa hata wembe wangu!" alisema Mheshimiwa.

"Alikuwa na kitu chenye kung'aa."

"Sajini, hata hicho kipara chako kinang'aa. Mbona hujapigwa risasi ya onyo?"

Benchi lilicheka mpaka likalia. Sajini akaivuta kofia yake chini na kusema mtu mzima hajibizani na kinyozi.

"Na hicho kitu chenyewe kiko wapi?" aliuliza Tani.

Mheshimiwa akatafuta mstari kwa kidole. "'Kitu hicho kinaendelea kuchunguzwa na wataalamu.'"

"Bado? Kikombe?" Tani alishangaa. "Kina mpini mmoja na mdomo mmoja! Wanatafuta nini ndani, kifyatulio?"

Ndiyo, kikombe. Kwetu hapa hakuna vikombe vya biashara. Vya Shangazi viliibwa kimoja kimoja mpaka vikaisha, akatoa amri kwamba anayetaka kahawa aje na chake. Akapigilia ubao wa misumari ukutani, kila mteja na msumari wake. Sisi wengine tunaviacha hapo hapo na uchafu wake. Kimya alikuwa mtu wa usafi. Kila siku alirudi na chake nyumbani, cha bati, akakisugua kwa jivu, na kila asubuhi tulimwona akija nacho mkononi kikiumiza macho.

"Wataalamu wameshakinywea chai," alisema Wakili. "Hapo ushahidi umeharibika kisheria."

Tani alicheka kwa mwili mzima, na mwili wake ukicheka jirani wanapata hasara. Kiwiko chake kilipiga kikombe cha Wakili kilichokuwa ukingoni mwa benchi. Kikombe kikaenda chini, kikawa vipande, kahawa yote ikaishia kwenye suruali ya Wakili.

"Umenivunjia! Utanilipa!"

"Tulia." Tani aliinua mkono kama trafiki. "Usichukue sheria mkononi. Nimeshaunda tume."

"Tume ina nani?"

"Mwenyekiti ni mimi. Katibu ni kiwiko changu."

"Kiwiko ndicho mshitakiwa!"

"Ndiyo maana kinayajua mazingira ya tukio. Haya, taarifa ya awali. Kiwiko kilikuwa kazini. Kikaona kikombe kimekaa ukingoni kwa namna ya kutatanisha. Kikakiamuru kisogee. Kikombe kikakaidi."

"Kikombe hakisikii!"

"Sasa huko si ndiko kukaidi? Kiwiko kikatumia nguvu ya wastani. Kwa bahati mbaya, kikombe kilifariki kikiwa njiani kuelekea chini."

"Na suruali yangu?"

"Suruali tunaishikilia kwa mahojiano. Tumepata habari ilikuwa karibu sana na kikombe kwa muda mrefu."

"Kesi ya ngedere, hakimu nyani!" Wakili alipiga kelele huku akijipangusa.

"Tume yangu pia imebaini," Tani aliendelea, "kwamba kikombe kilikuwa na ufa wa zamani. Kwa hiyo tabia yake haikuwa nzuri tangu mwanzo."

Hata Sajini alicheka, akajikumbuka, akakunja uso upya. Shangazi hakucheka. Alikuja na ufagio, akazoa vipande vile taratibu, akarudi nyuma ya birika lake.

Mheshimiwa alipoona kicheko kimekwenda kwa mwingine, akapanda juu ya benchi.

"Mimi nasema bila kumung'unya maneno! Askari akiua, asimame kizimbani kama mimi na wewe! Sare ni nguo, inavuliwa! Wanakamata mtu mzima mzima wanarudisha maiti, kisha wanajiuliza wenyewe, wanajijibu wenyewe, wanajipa pole wenyewe! Nipeni nafasi niseme. Mbele ya yeyote nitasema!"

"Nafasi ipo," alisema Shangazi.

Hakupaza sauti. Mheshimiwa alibaki juu ya benchi na kidole chake hewani.

"Gari la matangazo limepita asubuhi, mmelisikia. Tume ya kuchunguza kifo cha ndugu yangu imekaa pale shuleni, inataka walioona kwa macho. Leo adhuhuri inafunga. Shahidi waliyempata mpaka sasa ni mmoja, yule yule aliyefyatua." Alifuta mikono kwenye kanga yake. "Mimi siku ile nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Nimekwenda nikawaambia hivyo hivyo, wakaniambia asante mama, tunahitaji aliyeona. Wasipompata, ndugu yangu anabaki jambazi. Mwanawe juzi amerudi shule shati limechanwa, wanamwita mtoto wa jambazi. Mnataka kusema? Shule iko hapo. Nani anakwenda?"

Wote tukageukia birika, kana kwamba limeulizwa lenyewe.

Mheshimiwa alishuka kwenye benchi polepole, mguu mmoja kisha mwingine. "Shangazi, unajua mimi moyo wangu uko nawe. Lakini nimemwacha mteja kwenye kiti, nimemnyoa nusu. Mtu atazungukaje mjini na nusu kichwa?"

"Mteja gani? Duka lako lina kufuli, naliona hapa."

"Nimemfungia ndani asitoroke."

Wakili alikohoa. "Kisheria, shahidi hajipeleki. Akijipeleka anaonekana ana maslahi. Inabidi aitwe."

"Si wameita kwa kipaza sauti?"

"Wameita umma. Mimi ni mtu binafsi."

"Na wewe?" Shangazi alimgeukia Tani.

"Shangazi wangu, kweli ya Mungu, mimi wakati ule nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu."

Sote tukatazama miguu yake. Alikuwa na ndala. Katika miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona na kitu kingine, kwa sababu hakuna kiatu kinachomtosha.

Halafu Shangazi akanitazama mimi. Nikasema nilikuwa nimefunua gazeti, limenikinga. Nilijisikia vibaya hata kabla sijamaliza kulisema, maana yeye anajua kwamba magazeti yangu siyasomi, nayauza.

Sajini hakuulizwa. Nadhani Shangazi aliona hakuna haja.

Akageuka ukutani. Akavitoa vikombe vyetu, tulivyokuwa tumeshavimaliza na kuvitundika, kwenye misumari, kimoja baada ya kingine, akaja kumpa kila mtu chake mkononi. Cha Mheshimiwa kina picha yake ya kampeni iliyobabuka pua. Cha Tani kilikuwa kopo la rangi. Changu hakina mpini. Wakili hakuwa tena na kikombe, kwa hiyo akapewa karatasi yenye vipande.

"Hamkuwepo siku ile," alisema. "Sawa. Basi hamjawahi kuwepo. Mkanywe makwenu."

"Shangazi, usifike huko..."

"Nifike wapi? Sheria ya vikombe ni yangu mimi. Nilichoka kuibiwa. Ningejua kikombe ni silaha, ningewaacha mniibie mpaka birika." Akainama, akajifanya anapuliza moto.

Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyekaa pia. Tulisimama na vikombe vyetu vitupu kama wagonjwa wanaosubiri uji.

Ndipo Sajini akainuka. Alikigeuza kikombe chake mkononi, akakitazama nje na ndani. Kisha akaenda ukutani, akakirudisha kwenye msumari.

"Walimwambia mikono juu," alisema, mgongo ametugeuzia. "Walisema mara moja tu. Akainua. Yote miwili. Kikombe kilikuwa kwenye mkono wa kulia, kikapanda nao, jua likakipiga. Hicho ndicho kilichong'aa."

Alikishika kikombe kwenye msumari mpaka kikaacha kubembea.

"Hakuchomoa kitu. Alitii. Nyie wote mliona alitii. Angekaidi akasimama tu na kikombe chake chini, labda leo angekuwa hapa anasema mh." Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. "Mnadhani nawatetea kwa kuwa nawapenda? Wiki tatu nawatetea. Nikiacha kuwatetea, itabidi niseme nilichokiona. Ninaogopa. Ninaogopa kuliko nyie, maana mimi kituo chao nakipigia saluti kila asubuhi."

"Sasa?" aliuliza Tani kwa sauti ndogo, ndogo kwa kadiri yake.

"Sasa nakwenda. Shule iko hapo."

Alianza kufunga vifungo vya koti. Wakili alikuwa wa kwanza kumfuata. Alisema kisheria shahidi mmoja ni hadithi, wawili ndio ushahidi, na kwamba ameamua kujichukulia kuwa sehemu ya umma. Tani akasema kama Wakili anakwenda na ile suruali, basi yeye lazima aende kuieleza. Mheshimiwa alitazama duka lake, akatazama kufuli, akasema huyo mteja kwanza hakuwa mstaarabu. Mimi nikafunika magazeti yangu kwa turubai na kuweka jiwe juu. Wa kuyasoma bure walikuwa wameshaisha.

"Mimi nitazungumza kwa niaba ya wote," Mheshimiwa alitangaza. "Hoja zangu ni saba."

"Utasema ulichokiona na utakaa," alisema Sajini.

Tulikuwa tumeshafika ukingoni mwa barabara Shangazi alipopiga ukelele uliotusimamisha wote.

"Vikombe!"

Tukajitazama. Ni kweli, ukimtoa Sajini, kila mtu alikuwa bado ameshika chake, na Wakili karatasi yake ya vipande. Mheshimiwa alikuwa anakitumia kuelekezea njia.

"Mnakwenda mbele ya polisi na vitu hivyo mkononi? Mna akili nyie? Leteni hapa!"

Tulirudi kwa aibu kama watoto waliosahau daftari, tukavitundika. Shangazi alisimama akihakikisha kila msumari. Msumari wa Wakili na ule wa Kimya ilibaki mitupu. Akaugusa ule wa Kimya kwa kidole, kisha akatufukuza kwa ncha ya kanga.

Basi tukaenda. Wanaume watano wazima katikati ya mtaa, mikono tumeiacha mbali na mwili, viganja wazi, tukitembea kama watu waliotoka kupaka rangi. Wauza duka walitoka milangoni kutuangalia. Pale getini mwa shule walikuwa wamesimama askari wawili na bunduki zao, wakatuona, wakajiweka sawa.

Tani Moja kamasi zikaanza kumtoka. Nilimwona akivuta, akivuta tena, kisha mkono ukaanza kwenda mfukoni.

"Taratibu," Sajini alinong'ona bila kugeuza shingo. "Sema kwanza."

Tani alisimama. Akainua mkono mmoja juu, akaushusha nusu, akakumbuka, akauacha hapo hapo katikati.

"Afande!" aliita kwa sauti iliyoamsha darasa zima upande wa pili wa ukuta. "Natoa leso! Leso tu, afande! Chafu! Haing'ai hata kidogo!"